Sura ya Sita: Kibla cha Maskati na Nusu ya Jibu

Chukua kikokotoo cha shule, kile chenye vitufe vya sin, cos na tan, ukitumie kutafuta kibla cha Maskati, mji mkuu wa Oman. Kanuni inajulikana, namba zinapatikana, na hesabu yenyewe haizidi mistari michache. Ukifika mstari wa mwisho ukabonyeza tan⁻¹, kikokotoo kitajibu nyuzi 86.45. Mabaharia na wapima ardhi huhesabu mwelekeo kuanzia kaskazini kwa kuzungukia upande wa mashariki, kwa hiyo nyuzi 90 ni mashariki kamili, na nyuzi 86.45 ni pungufu kidogo ya hapo. Atakayesimama Maskati akafuata jibu hilo atakuwa ameikabili bahari, na ng'ambo ya bahari Bara Hindi. Makka itakuwa mgongoni mwake.

Kanuni haina kosa. Namba zimeingizwa sawasawa. Kikokotoo nacho kimefanya kile hasa kilichotengenezwa kufanya, na ukirudia hesabu mara mia utapata 86.45 mara mia. Kilichotokea ni kwamba kitufe cha tan⁻¹ kimewekewa mipaka ya majibu kinayoweza kutoa, na jibu la kweli la Maskati liko nje ya mipaka hiyo.

Mipaka yenyewe imo katika kila kitabu cha hisabati kinachofikia mada hii, mara nyingi ndani ya kisanduku kidogo ambacho mwanafunzi hukikariri usiku wa kuamkia mtihani na kukisahau wiki inayofuata. Katika sura hii nataka kuonyesha kwamba kisanduku kile ndicho moyo wa somo. Anayeelewa kwa nini mipaka iliwekwa pale ilipo anajua pia ni lini aiache ifanye kazi yake, na ni lini yeye mwenyewe analazimika kuongeza neno.

Pembe mbili, kimo kimoja

Chora duara lenye nusu kipenyo cha 1, kitovu chake kikiwa pale mhimili wa mlalo na mhimili wa wima inapokutana. Weka nukta upande wa kulia kabisa wa duara, kisha isogeze kwa kupanda. Pembe ni kiasi ambacho nukta imezunguka. Sini ya pembe hiyo ni kimo cha nukta juu ya mhimili wa mlalo. Kosini ni umbali wake kulia kwa kitovu, na nukta ikihamia kushoto kosini huwa hasi. Tanjenti ni kimo kikigawanywa kwa umbali huo.

Nukta ikizunguka nyuzi 30, kimo chake ni 0.5. Itaendelea kupanda hadi kileleni, kwenye nyuzi 90, ambako kimo ni 1, kisha itaanza kushuka upande wa kushoto. Ikifika nyuzi 150, kimo ni 0.5 tena. Raundi ya pili inaileta 0.5 kwenye nyuzi 390 na 510, ya tatu kwenye 750 na 870, na hakuna mwisho. Hata nukta ikizungushwa kinyumenyume, 0.5 iko kwenye nyuzi hasi 210 na hasi 330.

Njia ya kwenda haina utata: kila pembe ina sini moja tu. Utata uko kwenye njia ya kurudi. Mtu akisema sini ni 0.5 na kukuuliza pembe ni ipi, ni kama amekwambia mwanawe alizaliwa Ijumaa, kisha akuulize tarehe. Habari aliyokupa ni ya kweli, lakini Ijumaa ni nyingi, na hakuna hesabu itakayokurudishia kile ambacho hukuambiwa.

Hapo ndipo hisabati inapoweka sharti. Kitu kikiitwa fanksheni, kila namba inayoingia lazima itoke na jibu moja, wala si mawili. Sharti hili ndilo linalowezesha kuchora grafu, kutengeneza jedwali na kuunda kitufe cha kikokotoo. Sini, kwa tabia yake ya kujirudia, haiwezi kupata kinyume chenye jibu moja ikiwa mzunguko wote utaachwa wazi. Ili kinyume kipatikane, sharti kukata kipande kimoja cha mzunguko na kukubaliana kwamba majibu yote yatatoka humo.

Kipande kipi kikatwe

Kipande hakikatwi ovyo. Kinatakiwa kiwe na kila thamani ambayo sini inaweza kuwa nayo, kuanzia hasi 1 hadi 1. Kila thamani ionekane humo mara moja tu. Kiwe kipande kimoja kisichokatika katikati. Na kwa kuwa trigonometria hutumika kwanza kabisa kwenye pembetatu zenye pembemraba, ni busara kipande hicho kiwe na pembe kali zote, zile zilizo kati ya 0 na 90.

Kwa sini, masharti yote manne yanatimia kuanzia nyuzi hasi 90 hadi nyuzi 90. Katika safari hiyo nukta inatoka chini kabisa ya duara, inapita upande wa kulia, na kufika kileleni. Inapanda tu, haishuki hata mara moja, kwa hiyo hakuna kimo kinachorudiwa na hakuna kinachorukwa. Ndiyo maana sin⁻¹ hutoa majibu ya upande wa kulia wa duara peke yake. Andika sin⁻¹ ya sini ya nyuzi 150, na kikokotoo kitakurudishia 30. Ulitia 150, ikatoka 30, kwa sababu njiani palibaki kimo tu, na kimo hakikumbuki kilitoka upande gani.

Kosini haiwezi kutumia kipande hicho hicho. Kosini ya nyuzi hasi 40 na ya nyuzi 40 ni sawa, kwa kuwa nukta hizo mbili ziko umbali uleule kulia kwa kitovu, moja juu na nyingine chini. Kipande kinachoifaa kosini ni kuanzia 0 hadi 180, nusu ya juu ya duara, ambamo nukta inasafiri kutoka kulia kwenda kushoto bila kurudi nyuma, na kosini inashuka kutoka 1 hadi hasi 1.

Tanjenti nayo hugawanya kimo kwa umbali wa kulia. Kwenye nyuzi 90 umbali huo ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi, kwa hiyo grafu yake inakatika pale. Kati ya mikatiko miwili, kutoka hasi 90 hadi 90 bila kuzigusa ncha zenyewe, tanjenti inapitia kila namba iliyopo, kubwa na ndogo, mara moja moja. Hicho ndicho kipande cha tan⁻¹.

Uzuri wa uchaguzi huu unaonekana vipande vinapokutanishwa. Chagua namba yoyote kati ya hasi 1 na 1, tafuta sin⁻¹ yake na cos⁻¹ yake, kisha zijumlishe. Kwa 0.5 ni 30 na 60. Kwa hasi 0.5 ni hasi 30 na 120. Kwa sifuri ni 0 na 90. Kila mara jumla ni 90, na ulinganifu huo unatokana na jinsi kipande kimoja kilivyokatwa kuendana na kingine.

Alama yenyewe inahitaji tahadhari. Mwingereza John Herschel ndiye aliyependekeza kuandika sin⁻¹ kwa maana ya kinyume, mwaka 1813. Ile hasi 1 iliyopandishwa juu haimaanishi kugawanya 1 kwa sini. Inamaanisha swali lililogeuzwa: ni pembe gani yenye sini hii? Anayechanganya mambo haya mawili hupata namba isiyo na uhusiano wowote na pembe anayoitafuta.

Unguja, Mombasa, Lamu

Sasa turudi kwenye kibla, kwa kuwa katika historia ya trigonometria ni maswali machache yaliyofanyiwa kazi kwa bidii kama hili. Mwaka 1025, al-Biruni, akiwa Ghazna katika Afghanistan ya leo, aliandika kitabu kizima juu ya kupima mahali pa miji duniani, na shabaha mojawapo ilikuwa kupata kibla cha Ghazna. Katika karne ya 14, Shams al-Din al-Khalili, muwakiti (mpanga nyakati za sala) wa Msikiti wa Umayya mjini Damaski, alikokotoa majedwali ya kibla kwa maelfu ya mahali, ili msomaji asihitaji kufanya hesabu upya. Wanazuoni hao walikuwa na majedwali ya sini ya nyuzi 0 hadi 90 tu. Upande wa pembe, yaani kama ni wa kaskazini au kusini, mashariki au magharibi, waliuamua kwa kanuni za maneno zilizofuatana na hesabu. Kwao jibu la jedwali na uamuzi wa upande vilikuwa hatua mbili za kazi moja.

Kwa mtu wa leo, kazi inaweza kupangwa hivi. Kaaba iko latitudo 21.4225 kaskazini, longitudo 39.8262 mashariki. Chukua longitudo ya Kaaba, toa longitudo ya mji wako, uite tofauti hiyo T. Kisha tafuta namba mbili. Ya kwanza, M, ni kiasi ambacho safari fupi kuliko zote juu ya tufe la dunia inaanza kwa kuelekea mashariki:

M = sin T × cos (latitudo ya Kaaba)

Ya pili, K, ni kiasi ambacho safari hiyo inaanza kwa kuelekea kaskazini:

K = cos (latitudo ya mji) × sin (latitudo ya Kaaba) − sin (latitudo ya mji) × cos (latitudo ya Kaaba) × cos T

Latitudo za kusini mwa Ikweta huandikwa kwa alama hasi. M ikiwa hasi, maana yake ni magharibi. K ikiwa hasi, maana yake ni kusini. Tanjenti ya kibla ni M ikigawanywa kwa K.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uko karibu na latitudo 6.16 kusini na longitudo 39.19 mashariki. Hesabu inatoa M ya 0.0103 na K ya 0.4630, zote chanya. Ukigawanya na kubonyeza tan⁻¹ unapata nyuzi 1.28: kaskazini, kwa kuegemea mashariki kidogo mno. Mombasa, iliyo longitudo 39.67, inatoa kama nyuzi 0.34. Lamu, longitudo 40.90, iko mashariki zaidi ya Kaaba, kwa hiyo M yake ni hasi. Kikokotoo kinajibu nyuzi hasi 2.49, yaani kaskazini kwa kuegemea magharibi. Majibu yote matatu ni sahihi kama yalivyotoka, na yote ni ya kupima kutoka kaskazini ya kweli.

Sababu ya usahihi huo ndiyo ya kushika. Mipaka ya tan⁻¹, kutoka hasi 90 hadi 90, ikisomwa kama mwelekeo, inaanzia magharibi, inapitia kaskazini na kuishia mashariki. Ni nusu yote ya kaskazini ya dira. Mji wowote wa Afrika Mashariki ulio kusini mwa Ikweta una K chanya, kwa hiyo jibu lake limo ndani ya nusu hiyo. Mtu anaweza kuhesabu kibla cha Tanga, Kilwa, Tabora na Bujumbura maisha yake yote bila kitufe kumpoteza hata siku moja. Imani yake kwa kitufe itakua, na atakuwa hajawahi kuijaribu mahali inapoweza kuvunjika.

Maskati, kwa vitufe vitatu

Kutoka Unguja kwenda Maskati ni njia ya zamani, ya majahazi na pepo za msimu, na mpaka leo Kiswahili kinasikika katika nyumba nyingi za Oman. Tuifuate kwa hesabu. Maskati iko latitudo 23.59 kaskazini na longitudo 58.41 mashariki. T ni hasi 18.5838. M inatoka hasi 0.2967, na K hasi 0.0184.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, soma alama. M ni hasi: magharibi. K ni hasi: kusini. M ni kubwa kuliko K zaidi ya mara kumi na sita: magharibi sana, kusini kidogo. Jibu tumeshalijua kwa macho. Kilichobaki ni kulipima.

Sasa gawanya M kwa K. Hasi kwa hasi ni chanya, kama 16.13. Katika kitendo hicho kimoja cha kugawanya, alama mbili zimefutana. Mji wenye M na K chanya ungetoa 16.13 ileile. Tan⁻¹ inapokea 16.13 na kujibu 86.45, ikichagua nusu ya kaskazini kwa sababu hiyo ndiyo nusu iliyopewa. Mwelekeo wa kweli uko ng'ambo ya kitovu, nyuzi 180 mbele: 266.45.

Huenda ukasema kosa ni la tanjenti, tutumie sini. Hesabu hii hii inatoa namba ya tatu: mzizi wa jumla ya mraba wa M na mraba wa K, ambao kwa Maskati ni 0.2973. M ikigawanywa kwa namba hiyo ni sini ya kibla, karibu hasi 0.998. Sin⁻¹ inajibu hasi 86.45. Safari hii magharibi imehifadhiwa, kwa kuwa alama ya M imebaki. Lakini alama ya K haikuingia popote, na jibu limewekwa kaskazini mwa magharibi badala ya kusini mwake. Hasi 86.45 ni sawa na 273.55 kwenye dira, na hilo linapotoka kwa nyuzi 7.1. Kosa hili ni la hatari kuliko la kwanza. Anayeambiwa Makka iko mashariki mwa Oman atashtuka papo hapo, lakini anayeambiwa iko magharibi na kaskazini kidogo anaweza kukubali na kwenda zake.

Basi tujaribu kosini. K ikigawanywa kwa 0.2973 ni karibu hasi 0.062, na cos⁻¹ inajibu 93.55. Sasa kusini kumehifadhiwa, na magharibi kumepotea: nyuzi 93.55 ni mashariki kwa kuegemea kusini. Ukiongeza habari kwamba M ni hasi, unageuza 93.55 upande wa pili wa kaskazini, unatoa kwenye 360, na unapata 266.45.

Ziweke pembe hizi pamoja: 86.45, hasi 86.45, 93.55 na hasi 93.55. Ni pembe nne, moja katika kila robo ya dira, na kila moja ni kioo cha mwenzake. Tan⁻¹ imechagua moja, sin⁻¹ nyingine, cos⁻¹ ya tatu. Jibu la kweli ni la nne, ambalo kwa namba hizi hakuna kitufe hata kimoja kingeweza kulitoa, kwa sababu liko nje ya mipaka ya vyote vitatu. Kila kitufe kiliulizwa swali lililokatwa nusu, kikajibu nusu hiyo kwa uaminifu kamili.

Na akili ya ramani ya ukutani haitoshi kujaza nusu iliyopotea. Makka iko kusini mwa New York kwa zaidi ya nyuzi 19 za latitudo, na mtu angedhani K ya New York itakuwa hasi. Ifanye hesabu: K ni chanya, kama 0.52, na kibla kinatoka nyuzi 58.5, upande wa kaskazini-mashariki. Dunia ni tufe, na njia fupi kutoka New York inaanza kwa kupanda kaskazini kabla ya kushuka. Neno la mwisho ni la alama za M na K, si la macho yaliyozoea karatasi bapa.

Pale mipaka inapolingana na dunia

Lingekuwa jambo la kusikitisha kama msomaji angeondoka hapa akidhani mipaka hii ni mtego tu. Mara nyingi inalingana na dunia kwa namna ya kupendeza.

Latitudo ya mahali popote haizidi nyuzi 90 kaskazini wala 90 kusini. Kimo cha jua au nyota angani vilevile: 90 juu ya kichwa, sifuri kwenye upeo wa macho, hasi likiwa limezama. Mipaka hiyo ndiyo ya sin⁻¹ hasa. Kwa hiyo hesabu inayotafuta latitudo au kimo cha jua ikimalizia kwa sin⁻¹, jibu linaaminika bila nyongeza yoyote.

Umbali kati ya miji miwili, ukipimwa kama pembe kwenye kitovu cha dunia, hauwezi kuwa hasi, wala hauwezi kuzidi nyuzi 180, kwa sababu ukizidi hapo kuna njia fupi zaidi ya kuzungukia upande wa pili. Mipaka hiyo ndiyo ya cos⁻¹. Kutoka Mji Mkongwe hadi Makka kosini ya umbali ni karibu 0.886, na cos⁻¹ inatoa kama nyuzi 27.6, yaani takriban kilomita 3,070. Hakuna robo ya kuamua na hakuna alama ya kurudisha.

Mwelekeo una nyuzi 360, na kila kitufe kina 180 tu. Ndiyo maana mwelekeo peke yake, katika mambo haya matatu, unadai msaada wa mtu.

Kuna pia mahali ambapo majibu yote mawili yanatakiwa. Pembe ambayo jua linazunguka kati ya adhuhuri na kuchwa hupatikana kwa kosini: kosini ya pembe hiyo ni hasi ya tanjenti ya latitudo mara tanjenti ya mwinamo wa jua, yaani latitudo ambayo jua liko wima juu yake. Zanzibar, katika siku zinazozunguka tarehe 21 Desemba, mwinamo ukiwa hasi 23.44, cos⁻¹ inatoa nyuzi 92.68. Dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo jua litakuchwa kama saa 6 na dakika 11 baada ya adhuhuri. Lakini hasi 92.68 ina kosini ileile, na hiyo ndiyo macheo, saa 6 na dakika 11 kabla ya adhuhuri. Kitufe kimetoa jioni, na alama hasi tuliyoiweka wenyewe imetoa asubuhi. Mchana wote ni kama saa 12 na dakika 21, kabla ya kuongeza dakika chache zinazotokana na hewa kupinda mwanga na upana wa jua lenyewe.

Fanya hesabu hiyo kwa mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, mwezi Juni. Namba inayoingia kwenye cos⁻¹ inakuwa kama hasi 1.17, na kikokotoo kinakataa kujibu. Mwanafunzi aliyezoea kuogopa neno la kukataa atadhani amekosea. Ukweli ni kwamba hakuna pembe yenye kosini ya hasi 1.17, kama ambavyo hakuna saa ya kuchwa Tromsø mwezi huo. Jua halizami. Kukataa kwa kitufe ni habari juu ya anga la Norwe.

Kurudisha alama zilizofutwa

Walioandika programu za kompyuta walikutana na tatizo la Maskati mapema, kwa sababu ndege, meli na mizinga havina mtu wa kushtuka jibu likigeuka nyuma. Suluhisho lao lilikuwa rahisi: usigawanye kwanza. Lugha ya Fortran ilikuwa na fanksheni iitwayo ATAN2, ambayo imo katika kiwango rasmi cha lugha hiyo cha mwaka 1966, na karibu kila lugha ya programu iliyofuata imeirithi. ATAN2 hupokea namba mbili badala ya uwiano mmoja, huzisoma alama zote mbili, kisha hutoa pembe katika duara zima, kutoka hasi 180 hadi 180. Ipe M na K za Maskati, itajibu hasi 93.55, ambayo ukiijumlisha na 360 ni 266.45.

Anayeitumia aangalie mpangilio. Katika lugha nyingi namba ya juu ya uwiano hutangulia, yaani M kisha K. Katika Excel mpangilio umegeuzwa, K kisha M. Pia majibu hutoka kwa radiani, na lazima yazidishwe kwa 180 na kugawanywa kwa pai ili yawe nyuzi.

Tatizo hili linakaa hata kwenye pembetatu ya kawaida ya darasani. Chukua pembetatu yenye pande za 3, 5 na 7, utafute pembe inayotazamana na upande wa 7. Anayetumia kanuni ya sini atapata sini ya 0.866, na sin⁻¹ itampa nyuzi 60. Anayetumia kanuni ya kosini atapata hasi 0.5, na cos⁻¹ itampa nyuzi 120. Chora pembetatu hiyo kwa rula na utaona: pembe ni butu, ni 120. Pembe ya pembetatu huwa kati ya 0 na 180, mipaka ileile ya cos⁻¹, wakati sin⁻¹ haiwezi kutoa pembe butu hata ikibembelezwa. Ukielewa mipaka, unajua ni kanuni ipi ya kuchagua kabla ya kuanza.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe chenye hasi 1 juu yake, jiulize mambo matatu. Je, kitu ninachokitafuta kinaweza kuwa na majibu kutoka wapi hadi wapi? Je, kitufe hiki kinaweza kutoa majibu kutoka wapi hadi wapi? Kama hivyo viwili havilingani, je, ni alama gani niliipoteza njiani, na nitaitoa wapi? Jaribu Dubai, latitudo 25.20 kaskazini, longitudo 55.27 mashariki. Tan⁻¹ itakupa nyuzi 78.25, na kibla cha kweli ni 258.25. Usisogee ukurasa unaofuata mpaka uweze kueleza kwa maneno yako mwenyewe nyuzi 180 hizo zimetoka wapi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu naona linavyofundishwa. Mipaka huandikwa ubaoni kama amri, mwanafunzi anainakili, na hakuna anayemwonyesha kwamba ilikuwa uamuzi wa watu waliokuwa na sababu. Anayepokea amri huamini kitufe. Anayeelewa sababu huanza kwa kusoma alama, huliona jibu linaelekea wapi, na hutumia kitufe kupima kile anachokijua tayari. Al-Khalili alikokotoa maelfu ya majibu bila kitufe chochote, akajua kila moja liko upande gani. Mtoto wa sekondari mwenye kikokotoo mfukoni anaweza kujua hivyo pia, akifundishwa kwamba jibu lina nusu mbili, na kwamba nusu ya pili ni kazi yake.